Nirudishie Rangi ya Mabeseni Yangu

Tarehe 4 Machi

Mke mwenzangu,

Salamu nitakupa mwishoni, nikishapoa. Sasa hivi nina hasira mpaka baba yako mdogo, ambaye ndiye anayeniandikia barua hii, ameninunulia soda ninyamaze kidogo, na soda yenyewe imeisha gesi hapo mezani sijaigusa.

Picha uliyonitumia nimeiona. Kwanza niliipeleka dirishani nikidhani ni giza la chumba. Nikaitoa nje juani. Bado. Nikamwuliza huyu baba yako mdogo, kitindamimba wangu, "Hii picha imeungua?" Akasema, "Hapana, Mama, ndivyo alivyoitaka." Ndivyo alivyoitaka! Mtoto ana macho mawili mazima na kamera ya gharama shingoni, halafu anataka kuona kama paka usiku.

Hebu nikuulize. Wewe ulikulia chini ya meza yangu, ulilala ndani ya mabeseni yale ukiwa mchanga. Umewahi kumsikia mtu akija kwangu akisema "nipe beseni"? Hakuna. Anasema, "Nipe lile la zambarau. Hapana, shusha lile la kijani. Hapana, lirudishe." Mimi siuzi beseni. Maji yanakaa humo humo liwe jekundu au jeupe. Mimi nauza rangi, na ndiyo maana kila asubuhi napanga njano juu ya buluu, mtu akiwa kule kwenye kona kwa fundi redio anione kabla sijamwona. Wewe umeyageuza yote yakawa masufuria yaliyoungua.

Na umechagua siku ile! Siku wale mbwa wa vizibao vya rangi ya chungwa walipokuja na lori wakavunja meza za mtaa mzima. (Baba yako mdogo ananiuliza kama kweli nataka aandike "mbwa". Andika. Andika mara mbili. Mbwa.) Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeenda kuchukua mzigo mpya. Wewe ulikuwepo, ukapiga picha, kesho yake ukapanda basi ukarudi huko kwako. Sawa, ndiyo kazi yako, sikukulaumu.

Lakini kitu ninachokitaka katika picha hiyo ni kimoja, na ndicho ulichokizima. Pale katikati, watu wote wanakimbia, mabeseni yamezagaa barabarani, na mtu mmoja hakimbii. Ameinama, amekumbatia mabeseni yangu kifuani. Ni mwanangu. Sura yake naijua hata ungeipiga picha kutoka mwezini. Aliacha kazi yake kule anakolinda ghala la saruji, akaja kuokoa vitu vya mama yake, na usiku akaniletea nyumbani, amechafuka mpaka kope, pekupeku, viatu vimepotelea kwenye vurugu. Mtaa mzima nimeuambia. Fundi redio nimemwuliza mbele za watu, "Na wako alikuwa wapi, alikuwa anasikiliza taarifa ya habari?"

Hapa nilipofika kalamu imesimama. Hataki kuandika sifa zake mwenyewe. Nimemwambia aandike, na nitamfanya anisomee tena neno kwa neno.

Kwa hiyo nataka picha hiyo kwa rangi. Moja yangu, niitundike juu ya kitanda. Na hiyo kubwa ya maonyesho yako nayo iwe ya rangi, watu wamwone mtoto niliyemzaa.

Haya, salamu. Unakula? Mara ya mwisho ulikuja umekonda kama mpini wa ufagio. Mke mwenza aliyekonda hanipi hata raha ya kumwonea wivu.

Ni mimi bibi yako,
Mwenye Mabeseni


(Kijikaratasi ndani ya bahasha hiyo hiyo)

Mwanangu,

Nimeandika kila alichosema, hata lile neno. Usitume ya rangi. Mwambie kompyuta imeifuta. Nakuomba.

Baba Mdogo


Tarehe 11 Machi

Bibi, shikamoo.

Nakula, usiwe na wasiwasi, na nikinenepa utasema nimekula zamu yako.

Nisamehe kwa picha. Nilipaswa kukueleza kabla ya kuituma. Sisi tunaopiga picha za barabarani tunagombana juu ya jambo hili mpaka tunanuniana. Wengine wanasema barabara bila rangi ni uongo. Wengine, na siku hizi nami nimo, wanasema rangi inajibu kabla mtu hajauliza. Mtu akiiona picha ile kwa rangi, macho yake yanaenda kwenye mabeseni. Anasema, "Lo, kupendeza," anapita. Ikiwa nyeusi na nyeupe hana pa kukimbilia. Anaona mikono, midomo iliyo wazi, vumbi, meza iliyopasuka. Anaona huzuni.

Msimamizi wa maonyesho ameniachia nichague mwenyewe. Anataka jibu kabla ya katikati ya Aprili, kwa sababu picha zitasafishwa kwa ukubwa wa mlango. Zikitoka hapa zitakuja kwenu pia mwezi wa Mei, kwenye ukumbi wa maktaba, kwa hiyo wewe na majirani mtaziona.

Naomba uniamini kwa hili, Bibi. Ile ya rangi haikutoka vizuri.

Mjukuu wako


(Kijikaratasi)

Baba Mdogo,

Haya ni yako, usimsomee.

Nimemdanganya kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nimefanya hivyo kwa maneno mazuri, jambo ambalo ni baya zaidi. Ile ya rangi imetoka vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Unajua ilivyo kazi yenyewe? Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, kompyuta inakuuliza kila rangi unataka iwe kijivu cha namna gani. Nilichukua chungwa la kizibao chako nikalififisha kidogo kidogo mpaka likalingana na shati ulilovaa ndani. Likatoweka. Mvunjaji akageuka kuwa mwana mwema. Nilikaa nikiutazama ule ufundi wangu nikaona kinyaa.

Hukuwa unaokoa yale mabeseni. Ulikuwa unayapeleka kwenye lori. Nilisimama mbele yako, ukaniona, ukaniangalia kama hunijui.

Yeye anakusifu mtaani kwa ajili ya picha hiyo. Mwambie. Usipomwambia wewe, nitamtumia ya rangi, na haitapitia mikononi mwako.


Tarehe 19 Machi

Mjukuu,

Leo sikuiti mke mwenzangu. Cheo hicho nimekivua kwa muda.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani baba yako mdogo amekosea kusoma, maana alikuwa anameza maneno kama mtu anayemeza vidonge bila maji. Kumbe ni wewe kweli. Eti rangi inamzuia mtu kuona huzuni. Nani amekudanganya? Siku tunamzika babu yako nilivaa gauni la njano kwa sababu ndilo lililokuwa safi. Nililia ndani ya njano hiyo mpaka nikazimia. Kuna aliyeniambia, "Ngoja kwanza, hatuoni huzuni yako, kavae kijivu"?

Huyo anayepita akisema "lo, kupendeza," mwache apite! Kipofu utamtibu kwa kumzimia taa?

Na nyuso zetu. Mshonaji, jirani yangu, alipoiona picha alinishika mkono akaniuliza ni ya mwaka gani, na kati ya hawa ni wangapi bado wako hai. Tumekuwa marehemu. Tuko hapa tunapanga bidhaa chini kwenye vumbi, tunagombania kivuli, tunadaiana chumvi, lakini kwa mjukuu wangu tumeshafariki na tunapendeza.

Halafu unaniambia haikutoka vizuri. Wewe uliyetumia siku nzima kunipiga picha nikipiga miayo, ukasema imetoka vizuri! Kuna kitu hapa. Mimi sikusoma, lakini nimeuza barabarani umri wangu wote, na mtu anayenificha kitu namjua anavyogeuza shingo. Barua yako imegeuza shingo.

Kama unayaonea haya mabeseni yangu mbele ya rafiki zako wa huko, sema. Yaliyokununulia madaftari hayakuona haya.

Nataka picha yangu ya rangi. Sitaandika tena mpaka niione.

Bibi


(Kijikaratasi)

Wewe mtoto,

Unanitisha? Kaa na kamera yako uone rahisi. Mimi nilikuwa na nini mkononi? Kule ghalani walitufukuza tangu mwaka jana. Nilitoka nyumbani kila asubuhi na chakula alichonifungia Mama, nikaenda kukaa kituo cha basi mpaka jioni ili asijue. Kazi ya lori ndiyo iliyopatikana. Siku ile hawakutuambia tunakwenda mtaa gani. Nilipoiona kona ya fundi redio nilitaka kuruka. Mkubwa wetu akanipa nyundo.

Ndiyo, niliyapeleka kwenye lori. Halafu usiku nilirudi kwenye yadi walikoyamwaga, nikamwachia mlinzi viatu vyangu ili anifungulie nichukue yale niliyoweza kubeba. Hilo kamera yako haikuliona, sivyo? Mama aliponiona mlangoni akaanza kunibariki kabla sijafungua mdomo. Kila siku iliyopita ikawa ngumu kuliko ya jana yake.

Ukituma ya rangi usiniite tena baba mdogo.


Tarehe 27 Machi

Mama Mshonaji, shikamoo.

Mimi ni mjukuu wa mwenye mabeseni, yule uliyemshonea sare ya shule mara tatu kwa sababu alikuwa hatulii kupimwa.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeibandika kwa gundi. Naomba umpe Bibi mkononi, akiwa peke yake. Usimpe mtu mwingine yeyote wa nyumba ile. Hakuna barua ndani, kwa hiyo hahitaji wa kumsomea.

Akitaka kunijibu, tafadhali mwandikie wewe. Andika hata matusi.

Mjukuu


Tarehe 2 Aprili

Ulituma?

Mama amenyamaza tangu juzi. Ananipakulia chakula, anakaa upande wa pili wa meza, ananitazama nikitafuna. Hajawahi kunyamaza mimi nikiwa hai. Niambie kama ulituma, nijue ninachokisubiri.

Baba Mdogo


Tarehe 6 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo anayeniandikia ni mshonaji. Mwandiko wake unapinda, usicheke. Anaandika kama anafuata pindo la sketi.

Picha nimeiona. Nilifungua nikiwa nimekaa juu ya ndoo yangu, na kwanza niliona mabeseni, nikafurahi kama mjinga. Kijani changu! Lile la waridi lenye ufa ambalo hakuna aliyelitaka! Nikasema, ona, huyu mtoto alikuwa ananitania, picha imetoka kama asubuhi yenyewe. Nikaisogeza machoni nimwone mwanangu. Nikakiona kizibao.

Nilichokihisi sitakuandikia. Mshonaji hana karatasi za kutosha.

Nilikaa nacho siku tatu. Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe. Nilimpakulia, nikamtazama, nikamwachia nafasi ya kusema kubwa kama uwanja wa mpira. Akaniomba chumvi. Basi siku ya nne nikaweka picha mezani, nikamwambia, "Soma." Akasema, "Mama, hapa hakuna maandishi." Nikamwambia, "Soma hivyo hivyo."

Akasoma. Alisoma ghala, kituo cha basi, nyundo, yadi, viatu. Alisoma mpaka chakula kikapoa, na mimi sikumkatiza, jambo ambalo mshonaji anasema haamini.

Unajua kilichonichoma? Kizibao hakikunichoma. Kukosa kazi nakujua, nimemlea huyo na wenzake wanne nikikosa hiki na kile. Angekuja kuniambia, "Mama, nimepata kazi ya aibu," ningemtukana mpaka usiku, halafu asubuhi ningemfungia chakula chake. Kilichonichoma ni kwamba aliniacha nimsifu. Nilizunguka mtaa mzima kwa watu ambao meza zao yeye ndiye aliyezipasua, nikawaambia wajifunze kuzaa kama mimi. Na wengine walijua! Muuza viatu alimwona siku ile kwa macho yake. Walikuwa wananiangalia wanasema "hongera, Mama", kwa kunihurumia. Mimi! Mimi wa kuhurumiwa na muuza viatu, mtu anayevaa soksi zisizofanana! Na lile neno nililomlazimisha aandike mara mbili, aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, juu yake mwenyewe, halafu akanisomea. Nikilikumbuka hilo nataka kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na sina mikono ya kutosha.

Na wewe usikae huko ukidhani umepona. Wewe ndiwe uliyeanza. Sijui huzuni, sijui macho, sijui mtu hana pa kukimbilia. Ungeniambia, "Bibi, kuna jambo siwezi kuliandika kwa sababu ya anayekusomea," ningekwenda kutafuta msomaji mwingine siku hiyo hiyo. Badala yake uliniacha niamini kwamba mjukuu wangu anayaonea haya mabeseni yangu. Nililala na hilo. Nyinyi wawili mlinibeba kama yai, mmoja huku mmoja kule, na mimi nimewabeba nyote mgongoni, na kuna mmoja wenu alikuwa ananikojolea.

Nakushukuru kwa kutuma. Lakini bado nina hasira. Yote mawili ni kweli.

Juzi asubuhi nilimwambia avae kizibao tutoke. Akasema alishakirudisha. Nikainua godoro lake, nikamkabidhi. Tulianza kwa fundi redio, kwa sababu ndiye niliyemtukana zaidi. Mimi niliomba radhi yangu kwanza, kwa sauti, mbele za wateja wake. Halafu nikarudi nyuma nikamwacha mwanangu na yake. Fundi redio, ambaye mdomo wake kwa kawaida hauna pa kuzimia, alisema tu, "Sawa," akainama kwenye nyaya zake. Heri angetukana. Muuza viatu alimtemea mate karibu na miguu. Mshonaji ananiambia nisiseme alichofanya yeye, kwa hiyo nasema: alimzaba kofi, akalia yeye aliyepiga, halafu akamwuliza kama amekula.

Kizibao amekipeleka kwa wenyewe jana. Sikumwambia akipeleke. Sasa yuko hapa mbele yetu anaitengeneza meza ya mshonaji, na hajui useremala hata kidogo. Inayumba kama ndama aliyezaliwa leo. Muuza viatu amesimama pembeni anamkosoa kila msumari, na hajaondoka tangu asubuhi.

Tuje kwenye picha, maana siku yako ya kujibu inakaribia.

Hapa kila mtu amekuwa mpiga picha. Baba yako mdogo anaomba uweke ile nyeusi na nyeupe. Hakuniomba mimi, alimnong'oneza mshonaji aandike chini kabisa kwa herufi ndogo, na mshonaji akanisomea kwa sauti. Anasema, mtaani ameshasema, hilo limekwisha, lakini ukumbini watakuja watu asiowajua, watoto wa shule, walimu, watu wa maofisi, nao watamwona hivyo siku zote. Si maneno ya kijinga, nimeyafikiria. Fundi redio anasema weka ya rangi lakini mfunike uso. Mshonaji anasema mkate, picha iishie kwenye mabeseni.

Mimi nasema iwe ya rangi, na nzima. Ukimzima yeye unamzima muuza viatu anayekimbia nyuma yake, unaizima meza ya mshonaji, unanizima mimi ambaye simo. Ukimfunika uso watu watajaza sura yoyote wanayoichukia. Na usilikoleze hilo chungwa ili watu washtuke, nakujua. Liache lilivyo. Nimelitazama sana: limepauka mabegani, kuna mtu mwingine alikivaa kabla yake, na kwapani kimeshonwa kwa uzi mweusi. Hilo nalo watu walione.

Nimemwambia uamuzi wangu. Ameweka nyundo chini, kisha akaniuliza, "Na wewe, Mama, utakuja ukumbini?" Nikamwambia nitakuja, na yeye atakuja, na atavaa shati lililopigwa pasi.

Basi na wewe siku hiyo utasimama karibu na picha yako, usijifiche nyuma ya watu. Mtu atanyoosha kidole, lazima, atauliza yule wa kizibao ni nani. Usiseme ni mvunjaji. Usiseme ni mfanyakazi tu. Sema, "Ni baba yangu mdogo, na mabeseni aliyobeba ni ya mama yake." Kisha nyamaza, wamtazame vizuri.

Bibi yako